Kamba ya Kengele

Moshi ulikuwa ukipanda kutoka banda la nyasi la mjane wa ng'ambo ya mto wakati Lovrenc, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, alipoishika kamba ya kengele. Kabla hajaivuta, gari la farasi likaingia uani kwa kishindo.

Alikuwa mkwewe, mume wa bintiye.

"Wa kwanza tena, baba," mkwe akasema, akicheka. "Hao wengine wataambulia majivu."

Desturi ya kikosi ilikuwa ya tangu mababu: farasi watakaowahi ndio watakaokokota pampu, na mwenye nao ndiye atakayebeba bendera katika Sikukuu ya Mtakatifu Floriani, msimamizi wa wazimamoto. Kiangazi hiki yalishaungua mabanda mawili, na mara zote aliyewahi alikuwa huyu huyu.

Lovrenc akapitisha mkono wa kushoto chini ya ukanda wa shingo ya farasi. Manyoya yalikuwa yamelala, yameshikana kwa jasho lililoanza kukauka.

"Umewafunga saa ngapi hawa?"

"Si niliposikia kengele? Baba nawe, unanihoji kama polisi."

Lovrenc akautazama mkono wake wa kulia. Kamba ilikuwa bado imelegea kiganjani.

Kengele ikilia, hakuna atakayejua kwamba kijana huyu alifika kabla haijalia. Isipolia, mjane atateketea pamoja na ng'ombe wake.

Mkwe naye akaiona kamba. Kicheko kikamwisha.

"Vuta basi, baba," akasema polepole.

Lovrenc akavuta, na kila mlio ukamsafisha mkwewe.