Lugha ya Kiumbe wa Angani

"Rudia," mama mkwe alisema.

Mkwewe akarudia. Kichwani alivaa sufuria iliyopakwa rangi ya fedha, na waya za redio mbovu zilimning'inia masikioni. Filamu ilikuwa yake, na kwa kuwa mfuko ulikuwa umetoboka, kiumbe wa angani aliigiza mwenyewe. Chombo cha kumleta duniani kilikuwa tangi la maji lililolazwa ubavu uani.

Alichokosa, alivyosema, ni lugha ya kiumbe. Ndipo akamwendea mama wa marehemu mkewe, mmoja wa wazee wachache waliobaki na lugha ya kwao.

"Maana yake, 'Tumekuja kwa amani,'" mama akamwambia.

"Sawa, mama."

Hata hakuuliza neno lipi ndilo amani. Alishika upesi, ulimi haukukwama popote. Mama akachekea moyoni.

Maana halisi ilikuwa: "Mimi ni mbwa. Nilimwacha mke wangu afe kama asiye na kwao."

Ni kweli mama aliipinga ndoa ile, akamwambia binti akiolewa na mtu wa sinema asikanyage tena kwake. Lakini hasira za mzazi ni moto wa mabua. Binti aliugua miezi, na huyu bwana hakupiga hata simu. Mama alipata habari kaburi likiwa limeshafukiwa.

Siku ya onyesho alijaza safu ya mbele na ndugu zake wazee. "Njooni mcheke," alikuwa amewaambia.

Kwenye skrini, tangi likafunguka, moshi ukatoka, kiumbe akajitokeza. Akatamka aliyofundishwa, neno kwa neno. Wazee wakaangua kicheko, huku watu wengine ukumbini wakiwashangaa.

"Dada, umemweza!" kaka yake akasema, akijipiga mapaja.

Mama alifuta machozi ya raha.

Lakini kiumbe hakunyamaza. Alivua sufuria, akaisogelea kamera, akaendelea kwa lugha ileile, taratibu, kama aliyeinyonya titini mwa mamaye. Wazee wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, lugha hii alinifundisha mwanao, akiwa kitandani. Kila niliposhika simu nikuite, alinisihi niiweke chini. 'Nikishazikwa,' alisema, 'ndipo umwambie.'"