Bega Lisilo na Chaki

Mgongo wa mzee ulikuwa mweupe kwa chaki, isipokuwa bega la kushoto.

Mwalimu Melkizedeki aliliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Mbavu zilikuwa zimechorwa. Uti wa mgongo umechorwa, pingili kwa pingili. Kombe la bega la kulia lilikuwa na mstari safi wa Philipo. La kushoto alipewa Rahabu, na ngozi ya hapo ilikuwa nyeusi, kavu, haijaguswa.

"Rahabu tena," alisema.

Msichana alikuwa amesimama karibu na mlango, khanga hadi kidevuni, macho sakafuni. Chaki ilikuwa imevunjika mkononi mwake.

"Nitajifunza kwa picha, mwalimu."

"Picha ipi? Mchwa wameila. Wametuachia nyayo tu!"

Darasa zima lilicheka. Melkizedeki hakucheka. Hospitali ile ya misheni, huko Iramba, haikuwa na mifupa ya kufundishia. Daktari aliiagiza Ulaya; vita vikaanza, vita vikaisha, mifupa haikuja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wangejuaje mfupa unapoishia na msuli unapoanzia? Ndipo akamleta baba yake mzazi, mzee Naftali, mfugaji mwembamba ambaye mbavu zake zilihesabika ukiwa mbali.

Mzee mwenyewe aliifurahia kazi ile. Aliketi kwenye kigoda bila shati, akajikunyata chaki ilipomtekenya.

"Ng'ombe nimewapapasa tangu utoto," alisema, "leo napapaswa mimi. Haya, mkimaliza kuhesabu mbavu mnirudishie zote."

Wanafunzi walimpenda. Kila asubuhi waligombania kumwamkia: "Shikamoo, mzee Naftali!" Rahabu peke yake hakulitaja jina hilo. Alipiga goti nje ya mlango, mbali, akanong'ona na ukuta. Akikutana na mzee njiani, aliiacha njia akapita kwenye miiba. Siku moja alimkuta anakula ugali wa uwele kivulini, akageuka na ndoo yake ya maji kichwani, akarudi mtoni alikotoka.

"Anamwona mchafu," Philipo alisema. "Kwao Sekenke nasikia wazee hupakwa dhahabu."

Neno "mchafu" lilimkaa Melkizedeki rohoni. Wangapi wangekubali kumvua baba yao shati mbele ya watoto wa watu? Tena alikuwa na sababu nyingine ya kumleta. Mdogo wake, Isaka, aliondoka nyumbani kwa hasira, bila kuaga. Wakasikia yuko kwenye machimbo ya dhahabu, Sekenke. Kisha wakasikia amechukuliwa jeshini, yuko vitani Burma. Sasa askari wengine walikuwa wamerudi, na mzee alishinda akiitazama barabara, akimuuliza kila mwenye kofia ya askari. Darasani, walau, alicheka.

"Angekuwa ameacha hata mke," mzee alizoea kusema, "ningekuwa na mtu wa kungoja naye."

Melkizedeki alijaribu njia zote. Alimfundisha Rahabu pembeni, kwenye bega la mwenzake Felista. Msichana akaonyesha kila kitu bila kosa: kombe, mtulinga, msuli unaonyanyua mkono, hata tabaka za ngozi, ya juu na ya chini. Kumbe aliweza! Hilo lilimuudhi kuliko ujinga. Shida haikuwa bega. Shida ilikuwa bega la baba yake.

Daktari hakutaka maneno mengi. Ijumaa angekuja kuwapima mwenyewe. Asiyeweza kuonyesha mfupa kwenye mwili wa mgonjwa angerudi kwao. Rahabu aliishia darasa la nne. Asipopata kazi hospitalini, hakuna mlango mwingine ambao ungemfungukia.

Asubuhi ya Ijumaa mzee alivua shati akiwa bado nyumbani. Martha, mke wa Melkizedeki, alitokea na uji, akamwona mkwewe mgongo wazi, akatua kibuyu pale pale mlangoni na kukimbilia nyuma ya ghala.

"Unaniacha nimfukuze mke wako nyumbani kwake," mzee alimcheka mwanawe. "Nipe hilo shati nijifunike, aje achukue kibuyu chake."

Melkizedeki alimpa shati, lakini maneno yenyewe hayakumwingia. Alikuwa anamwaza Rahabu.

Darasani daktari aliketi mbele, miguu amekunja. Philipo akapita. Felista akapita. Rahabu alipoitwa, alikuja hadi hatua moja kutoka kwenye kigoda, akasimama. Chaki aliishika, lakini hakuinyanyua.

"Kombe la bega la kushoto," daktari alisema. Akangoja. "Basi. Mwingine."

"Hapana!" Melkizedeki alisahau kwamba daktari yupo. "Huyu ni baba yangu, unasikia? Ana nini? Ngozi yake ina tabaka zilezile ulizo nazo wewe! Mwezi mzima unamkimbia kama mwenye ukoma. Mguse, au nenda ukafunge mzigo wako!"

Mzee Naftali aliinamisha kichwa.

"Mwache binti wa watu, Melki," alisema polepole. "Labda nanuka ng'ombe."

Rahabu aliangusha chaki. Alimgeuzia mzee mgongo, akapiga magoti sakafuni, akavuta khanga kufunika uso. Tangu aingie darasa lile, waliokaa benchi la nyuma hawakuwahi kuisikia sauti yake. Safari hii waliokuwa nje waliisikia.

"Hanuki, mwalimu. Mimi ni mke wa Isaka."