Kompresa ya Kimya

"Mimi naomba ile yenye kelele," mwanamke alisema. Fundi aliacha kufuta mikono, akamtazama.

Kwa miaka ishirini ya kutengeneza viyoyozi vya magari, Fundi Baridi alikuwa ameombwa mambo ya kila namna, lakini hilo halikuwamo. Mezani palikuwa na kompresa mbili. Moja ilikuwa ya pistoni, chuma kizito, aina ileile ya ile iliyokufa garini. Hiyo ingekaa mahali pake bila kutoboa tundu hata moja, ila ingegonga mtaa mzima usikie. Ya pili ilikuwa ndogo na nyepesi, ukiiwasha huisikii. Mume wa huyu mwanamke, mwenye gari, alikuwa ameichagua hiyo ya pili asubuhi ileile.

Gari lenyewe lilikuwa na miaka arobaini, rangi ya maziwa, limetunzwa kama mboni ya jicho. Injini yake ilinong'ona tu. Kelele zote zilitoka kwenye kompresa.

"Mwenyewe anataka ya kimya, shemeji."

"Mwambie haiingii. Wewe ndiye fundi, atakuamini." Alitazama getini, kisha akashusha sauti. "Ikisikika tangu pale kwenye kona, inanitosha. Napata dakika mbili. Nakuomba, kaka yangu."

"Dakika mbili za nini?"

Jua lilikuwa kali, lakini mwanamke alijitanda mtandio wake mpaka shingoni, akaondoka upesi.

Dakika mbili! Fundi alizijua hizo kuliko alivyozijua spana zake. Zamani alikuwa na pikipiki iliyotoboka bomba la moshi, majirani wakimsikia kabla hajafika. Kila akiingia ndani alimkuta mkewe amejilaza, mlango wa uani haujarudishiwa vizuri. Alikuja kuelewa baada ya miaka mitatu, mke amekwisha kwenda zake na huyo mtu wa mlango wa uani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na fundi alishtuka kwelikweli. Aliumia kana kwamba aibu ile ilikuwa ya jana.

Kwa gari la zamani kama lile, ya pistoni ndiyo iliyofaa, na moyoni alilijua hilo. Hata hivyo alikaa siku mbili akichonga breketi mpya, akatoboa, akabadilisha mkanda, mpaka ile ya kimya ikakubali kukaa. Mwanamume mwenzake hangefanywa mjinga, si mbele ya macho yake.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mwenye gari alikuja kulichukua. Alikuwa mcheshi, mtu wa kukuuliza mgongo unaendeleaje na kukumbuka jibu la mara iliyopita. "Mzee wetu amepona?" aliuliza, akilipapasa gari bodi.

"Amepona, bwana. Ila kuna neno." Fundi alikohoa. "Shemeji alipita hapa. Alitaka nikudanganye, nifunge ile ya kelele."

Mwenye gari aliendelea kupapasa bodi. "Alisema kwa nini?"

"Akusikie tangu kwenye kona. Apate dakika mbili."

Kisha alicheka kidogo, akamshika fundi bega. "Ahsante, ndugu yangu. Nyumba ikijua unakuja, hujipanga. Panda twende, ukaone kazi yako."

Baridi ilikuwa safi njia nzima. Mwenye gari aliendesha akitazama mbele tu, na fundi hakumlaumu. Alikumbuka moyo wake mwenyewe ulivyokuwa siku alipoelewa. Spana kubwa aliilaza mapajani. Kama ingebidi kumshika mtu akiruka ukuta, angemshika.

Walipita kwenye kona, na watu waliokaa nje hawakugeuza hata shingo. Geti lilikuwa wazi. Gari liliingia polepole, likasimama chini ya dirisha la jikoni. Fundi alikaza macho kwenye mlango wa uani.

Hakutoka mtu. Barazani mwanamke alikuwa akimsuka binti yake wa miaka sita hivi, wote wawili wakicheka kwa sauti, mtandio umetupwa pembeni.

Mwenye gari alivua saa yake ya mkono, akaiweka taratibu juu ya dashibodi.

Mtoto ndiye aliyewaona kwanza. Hakulia wala hakukimbia. Aliinama, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na mama yake akamlalia juu.