Mchwa Aliyejitolea Kwenda Shuleni

Palikuwa na Mchwa mmoja, fundi wa njia za hewa kichuguuni, aliyejitolea kwenda shuleni kuwaeleza watoto wa wanyama kazi ya uhandisi. Alipopanda juu ya meza ya mwalimu, alirudi nyuma hatua mbili. Kwenye dawati la mbele alikaa binti wa Muhanga, na ukoo wa Muhanga hula mchwa.

Akaeleza harakaharaka jinsi hewa ya moto inavyotokea juu ya kichuguu na ya baridi inavyoingilia chini. Kila neno alidhani ndilo la mwisho. Mara yule binti akanyanyuka, akaisogelea meza, ulimi ukichungulia.

"Shikamoo, mhandisi," alinong'ona, sauti ikimtetemeka kuliko ya Mchwa. "Kwetu tunafundishwa kubomoa tu. Nikisema nataka kujenga, watanicheka. Je, mtoto wa ukoo wangu anaweza?"

Mchwa alizitazama kucha za yule binti, akawawaza wadogo zake walioko nyumbani.

"Marahaba. Unaweza," alisema. "Njoo kesho kichuguuni nikuonyeshe."

Kisha akarudi kwao mbio, hofu imemjaa, kuwaambia wenzake amemwalika nani.