Kofia ya Nyaya

Glovu ilikataa tena kufunguka, na Shilinde akaitukana mashine kwa Kisukuma, maana matusi ya Kiswahili hayakumtosha.

"Vuta pumzi, baba," alisema Happyness, mtaalamu wa mazoezi. "Waza kiganja chako kinafunguka. Kofia ikilisikia wazo, glovu itakufungulia vidole."

Kofia yenyewe ilikuwa ya kitambaa, imejaa vifungo vya bati vilivyobana ngozi ya kichwa na nyaya zilizoingia kwenye kompyuta. Kwa wagonjwa wengine mstari kwenye kioo chake ulipanda, ukageuka kijani, na vidole vikafunguka. Kwa Shilinde mstari ulitapatapa tu chini kule, wiki ya sita sasa. Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Kesho mradi ungefungasha vyombo vyake hapa Biharamulo na kuhamia Ngara.

Mkono wake wa kulia ulikufa mwaka jana, siku moja na mguu. Mguu ulirudi nusu. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, ila ulikuwa mtumwa wa mkongojo: akiuachia, anakwenda chini mzima mzima. Kwa hiyo nyumba yake kule Nyamigogo ilikuwa imemaliza mwaka bila kusikia kofi, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Siyo shamba, siyo ng'ombe. Mkewe Mhoja alikuwa ameanza kutembea amenyoosha shingo. Alicheka na majirani kwa sauti. Juzi alikwenda msibani akarudi jioni, bila kuomba ruhusa.

"Wewe cheka tu," Shilinde alimwambia kila asubuhi. "Mkono ukirudi tutaanzia pale pale tulipoishia."

Mhoja alichota mafuta ya ng'ombe kwenye kopo, akampaka kichwani, akisugua kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Ndivyo Shilinde alivyoagiza. Baba yake naye alipopigwa na kiharusi alipakwa hivyo hivyo, na akaishi miaka tisa akigombeza watu vizuri tu. Asubuhi ya kwanza Mhoja alitaka kuleta maneno: "Baba Kulwa, siku ya kujiandikisha yule dada wa mashine alisema..."

"Tangu lini ukanifundisha wewe? Paka!"

Akapaka. Tangu hapo hakuongeza neno wala hakuruka siku. Majirani walimsifu, wakasema mke wa namna ile hapatikani tena. Shilinde aliwasikia, na sifa zile zikamchoma kuliko ugonjwa.

Happyness naye alikuwa na taratibu zake. Siku ile ya kwanza, alipompapasa Shilinde kichwani kutafuta mahali pa kukaa vifungo, alisita. Alitazama vidole vyake, akafungua mdomo kama mwenye jambo. Lakini fomu ilikuwa mezani, akaona aimalize kwanza.

"Baba, mkono ukipona, unataka ufanye kazi gani?"

Shilinde alicheka. Akaelekeza kidevu kwenye benchi, alipokaa Mhoja, amekificha kwenye khanga kidole chake kilichovunjika zamani kikaungana kimepinda.

"Umrudishe huyu kwenye adabu. Amenisahau."

Happyness alimtazama Mhoja kwa muda. Akaandika jibu lile kwenye fomu neno kwa neno, akafuta mikono, akamvalisha kofia. Hakusema alichotaka kusema, na Shilinde hakujali.

Sasa, siku ya mwisho, mlango ulifunguliwa kabla saa yake haijaisha. Aliingia Mwalimu Frednand, mstaafu wa Keza, aliyekuwa na zamu inayofuata. Alikuja mapema amuage Happyness. Mkono wake uliokufa mwezi mmoja kabla ya ule wa Shilinde ulikuwa umeshika kikombe cha chai.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mhoja.

"Marahaba, mama. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mashine yao mbovu," Shilinde alifoka. Alikichukia kile kikombe kwa moyo wake wote. "Wamenichagulia mbovu makusudi."

Mwalimu alikaa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma chochote chenye herufi, hata pakiti ya chumvi, alianza kusoma kwa sauti karatasi iliyobandikwa ukutani. Shilinde alikuwa ameiona siku zote. Hakujua kusoma, utoto wake wote uliishia machungani. Mhoja ndiye aliyefika darasa la saba, na mumewe alilihesabu darasa hilo kuwa chanzo cha kiburi chake.

"Maelekezo kwa mgonjwa na anayemuuguza," alisoma Mwalimu, kwa sauti ile ile ya ubaoni. "Moja. Mgonjwa alale vya kutosha. Mbili. Kichwa kioshwe kwa sabuni asubuhi ya mazoezi."

Akanywa chai kidogo.

"Tatu. Asipakwe mafuta ya aina yoyote kichwani. Penye mafuta, kofia haisikii kitu."

Shilinde aligeuza shingo polepole. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe, Mhoja hakuinamisha macho. Shilinde aliamuru mkono wa kulia unyanyuke, akauamuru kwa nguvu zake zote. Ukabaki umelala mapajani.

Happyness alimvua kofia, akachukua kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Tumemaliza, mama," alimwambia Mhoja.