Faili la Mwalimu Joakim

Mkoa mzima wa Simiyu, alisema Mwalimu Joakim, hakuna mtu mwenye vyeti safi kama vyake. Alikuwa wa pili kwenye foleni ya wakili Mektilda, Bariadi mjini, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Cheti cha darasa la saba, cha kidato cha nne, cha sita, shahada, transkripti. Vyote vilibeba jina moja, Joakim Shigela Mayige, mwanzo mwisho. Alilipepea faili lake mbele ya watu kama anafukuza nzi, haraka kiasi kwamba hata mwewe asingesoma herufi moja.

Dirisha la maombi ya masta lilikuwa linafungwa siku hiyo saa kumi jioni, na chuo kilitaka kila nakala iwe na muhuri wa wakili. Mihuri mitano tu ndiyo iliyobaki kati ya Joakim na chuo kikuu. Akiikosa, atasahihisha madaftari shuleni kwake Dutwa mpaka chaki imwote kichwani.

Mbele yake alisimama binti anayeitwa Ng'washi, jasho linamtoka. Naye alikuwa anaomba masta, lakini cheti chake cha kuzaliwa kilisema Anna Mboje, na vyeti vya shule vyote vilisema Ng'washi Mboje.

"Sasa dada, hapo aliyesoma ni nani," Joakim akamchokoza, "Anna au Ng'washi?"

"Wote, Mwalimu. Mmoja akienda darasani, mwenzake anabaki kupika."

Foleni ikacheka. Wakili Mektilda hakucheka. Alimtazama binti juu ya miwani.

"Majina mawili ya nini? Au uliazima jina la mtu aliyeacha shule ili urudie darasa la saba? Maana wapo."

"Hapana, mama. Anna ni la ubatizo. Ng'washi ni la bibi."

"Basi nataka ndugu anayekujua tangu utotoni aje aape mbele yangu. Bila hivyo sigongi kitu."

"Waazima majina hao," Joakim akadakia, akicheka kuliko wote, "mimi ningewaweka ndani mmoja mmoja. Wanatuharibia elimu."

"Mjomba yuko njiani," Ng'washi akasema. "Anakuja na pikipiki kutoka Kimali."

Kicheko cha Joakim kikaishia katikati.

"Kimali hii ya Meatu?"

"Kwani kuna nyingine, Mwalimu?"

Joakim akasogea mezani bila kuitwa. "Wakili, dada si apumzike kwenye benchi akimsubiri mjomba wake? Mimi shida yangu ni muhuri tu. Dakika mbili."

Ila wakili Mektilda hakuwa mtu wa dakika mbili. Kila nakala aliilaza kando ya cheti halisi, akafuata mistari kwa kidole, akarudi juu, akaanza upya. Muhuri wa kwanza. Wa pili. Simu ya Joakim ikaita, jina la mama yake likatokea, akaikata. Mama yake ana sauti ya kuitia ng'ombe, na ofisi nzima ingesikia anavyomwita mwanawe. Muhuri wa tatu. Wa nne. Kikabaki cheti cha darasa la saba.

Nje pikipiki ikazimwa. Akaingia mwanamume wa rika la Joakim, gambuti miguuni, vumbi mpaka kwenye kope.

Joakim akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Mwangaluka," mgeni akasalimia.

"Mwangaluka, mhola," foleni ikaitikia.

"Ndiye mjomba wangu huyu," Ng'washi akasema, akishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Wakili akauweka muhuri kando, akavuta fomu ya kiapo. "Majina yako matatu, baba, kama yalivyo kwenye kitambulisho."

"Joakim Shigela Mayige."

Kalamu ikaandika jina la kwanza, ikasimama. Wakili Mektilda akakitazama cheti kilichokuwa chini ya kiwiko chake, akamtazama mgeni, akarudi kwenye cheti.

Mgeni hakuona hayo. Alikuwa amekwisha kuzunguka meza na kumshika bega yule aliyekuwa bado anatafuta kamba za viatu.

"Mayala," akasema kwa furaha isiyo na kinyongo hata chembe. "Mama yako kila siku ananiambia umekuwa msomi, mimi nabisha. Hebu niambie ndugu yangu, jina langu limefika darasa la ngapi?"