Kipimo cha Pili

Mshonaji alimaliza kumpima mumewe presha, akaandika namba daftarini kama kila asubuhi. Mia na thelathini kwa themanini. Dawa zilikuwa zimemkubali.

Kisha akajiuliza yake ikoje. Yeye hakuwa akiumwa hata ukucha. Akajifunga ule mkanda mkononi, ukajaa upepo, ukambana mpaka vidole vikafa ganzi.

Mia na themanini na mbili kwa mia na kumi.

"Mashine imeharibika," alisema.

"Si ndiyo imenipima mimi sasa hivi?" mumewe akajibu. "Tulia, usiongee. Tutarudia."

Wakakaa dakika tano kimya, wakitazamana kama wachumba. Akapima tena. Mia na themanini na moja.

"Mbona sisikii chochote?"

"Hata mimi sikusikia chochote kabla ya kuanzishiwa dawa," mumewe akasema, akimsogezea viatu.